MWALIMU NAYE NI MTAFITI
Jinsi ya kuchunguza shida ya darasa lako na kuirekebisha



Karatasi hii inaandikwa Gitega. Ndugu zetu Warundi wasichanganye: si ile Gitega ya Burundi, ni umurenge wa Gitega katika wilaya ya Nyarugenge, hapa mjini Kigali. Ni mahali padogo penye watu wengi. Wakimbizi tunaoishi mjini tumepanga humu pamoja na wenyeji wetu, na watoto wetu wanasoma dawati moja na watoto wao. Toleo hili ni la walimu zaidi, lakini mzazi naye asome, maana mtoto ni wake.

Nianze na jambo lililonipata. Nilifika Rwanda mwaka 2012 nikiwa mtoto, tulipokimbia vita vya Masisi. Kwetu nilikuwa nimesoma kwa Kiswahili na Kifaransa. Rwanda ilikwisha kuamua tangu mwaka 2008 kwamba masomo yatolewe kwa Kiingereza. Katika shule ya kwanza niliyoingia, mwalimu aliuliza, mimi nikanyamaza. Nilipewa sifuri ya hesabu. Nilikuwa wa darasa la sita, nikarudishwa la nne. Wenzangu wawili waliorudishwa pamoja nami waliacha shule kabla mwaka haujaisha. Mmoja alikwenda kuchunga ng'ombe za watu, hakurudi tena darasani.

Mimi niliokolewa na mwalimu mmoja. Siku moja aliandika ubaoni hesabu za sehemu, namba tupu bila neno hata moja, akatuambia tuzifanye. Nilizipata zote. Akanitazama, akasema, "Kumbe hesabu unajua, mtoto wangu. Usichojua ni maneno yangu." Mwalimu yule hakusema kwamba anafanya utafiti. Lakini alikuwa na shida mbele yake, alijiuliza sababu yake ni nini, akajaribu jambo moja, akaona jibu. Huo ndio mwanzo wa kitu kinachoitwa utafiti wa vitendo.

UTAFITI WA VITENDO NI NINI?

Ni uchunguzi ambao mwalimu anaufanya mwenyewe, katika darasa lake mwenyewe, ili arekebishe kazi yake. Hangoji mgeni aje na fomu, aondoke nayo, na majibu yasirudi. Anayeuliza ndiye anayetenda, na matokeo yanabaki palepale shuleni.

Jina hili lilienezwa na Kurt Lewin, aliyeandika juu yake mwaka 1946 huko Marekani. Wakimbizi wenzangu, mjue kwamba Lewin naye alikimbia kwao. Alikuwa Myahudi wa Ujerumani, akaondoka mwaka 1933 Hitler alipochukua madaraka. Baadaye, katika miaka ya 1970, Mwingereza Lawrence Stenhouse alifundisha kwamba elimu haiwezi kutengenezwa na wataalamu wa nje peke yao, bali mwalimu mwenyewe lazima awe mtafiti. Karibu na kwetu, kuanzia mwaka 1975, watafiti wa Tanzania na Finland walifanya kazi iliyoitwa Jipemoyo katika wilaya ya Bagamoyo. Huko wanavijiji walichunguza mambo yao pamoja na watafiti, hawakungoja kuchunguzwa tu.

Hapa Rwanda, mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2016 unataka mwanafunzi ajifunze kufanya utafiti na kutatua matatizo. Basi mwalimu atamfundishaje mtoto kazi ambayo yeye mwenyewe hajaifanya?

HATUA TANO

1. Chagua swali moja dogo. Usiulize "Kwa nini wakimbizi wanafeli?" Swali hilo ni kubwa, na tena linawasingizia. Uliza jambo ambalo wewe unaweza kulibadilisha katika muhula huu. Kwa mfano: "Kwa nini watoto wangu wa darasa la nne wanashindwa hesabu zilizoandikwa kwa maneno?"

2. Tazama kwanza, kabla ya kubadilisha chochote. Tuseme una watoto 54. Wape hesabu 10: tano za namba tupu, na tano zilezile kwa ugumu lakini zimeandikwa kwa sentensi za Kiingereza. Sahihisha kila fungu peke yake. Mtoto akipata za namba na kukosa za maneno, shida yake ni lugha. Akikosa zote, shida yake ni nyingine, na dawa yake ni nyingine. Kisha ongea na watoto wachache. Usichague wale wanaonyoosha mkono tu. Chukua orodha ya mahudhurio, mwite kila mtoto wa tano. Utapata watoto 10, na wale wanyamavu watakuwemo.

3. Jaribu jambo moja tu. Ukibadilisha mambo matatu kwa pamoja, hutajua ni lipi lililosaidia. Kwa mfano, kila Jumatatu andika ubaoni maneno matano ya Kiingereza yanayotumika katika hesabu, kama yale ya kugawanya, kubakiza na kujumlisha. Yaeleze kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, na uyaache hapo wiki nzima. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, kwa hiyo usione haya kukitumia pale kinapomfungua mtoto.

4. Andika unayoyaona. Daftari moja na kalamu vinatosha. Kila siku andika mistari mitatu: nilifanya nini, watoto walifanya nini, nini kimenishangaza. Usiandike "somo lilikwenda vizuri". Andika "watoto sita walijibu, wanne kati yao hawajawahi kujibu". Baada ya wiki nne, toa tena hesabu 10 za namna ileile.

5. Kaa na wenzako mtafakari. Je, kilichosaidia ni maneno ya ubaoni, au watoto wamekua tu na muhula umesonga? Hapa mwenzako wa darasa la pili la nne anaweza kusaidia. Akitoa hesabu zilezile mwanzoni na mwishoni bila orodha ya maneno, mtalinganisha. Orodha ikionekana inafaa, watoto wake nao wapewe mara moja.

Halafu mnaanza upya, maana kila jibu huzaa swali. Labda watoto wanane bado wamekwama. Mkiangalia daftari mnaona watano kati yao wanachelewa kila asubuhi kwa sababu wanateka maji. Hapo kazi inayofuata ni kuongea na wazazi, sio kuongeza masomo. Na kama jaribio halikusaidia kitu, msilifiche. Kujua kwamba njia fulani haifai kunawaokoa wenzenu wasipoteze muhula.

NAMNA YA KUWAFUNDISHA WALIMU

Wengi wetu tumekwisha kaa katika semina ya siku moja. Tunapewa soda na kalamu, tunapiga makofi, na Jumatatu tunafundisha kama zamani. Utafiti wa vitendo haufundishwi hivyo, kwa sababu hujifunzwa kwa kuufanya. Sisi tunashauri mpango huu wa muhula mmoja:

- Kikao cha kwanza, nusu siku: kila mwalimu anakuja na shida moja, na wenzake wanamsaidia kuipunguza mpaka iwe swali dogo.
- Baada ya hapo walimu wanafanya kazi wawili wawili. Mmoja anamtembelea mwenzake darasani mara moja kwa wiki, anakaa nyuma na kuandika anayoyaona. Haendi kumkosoa, anakwenda kumwazima macho.
- Kila wiki mbili kundi zima linakutana saa moja. Kila mtu anasoma ukurasa mmoja wa daftari lake.
- Mwisho wa muhula kila mwalimu anaeleza matokeo yake mbele ya walimu wote na wazazi, kwa lugha ambayo wazazi wanaielewa.

Mkuu wa shule aelezwe tangu mwanzo na atoe ruhusa. Tunamwomba jambo moja: madaftari haya yasitumike kumpandisha wala kumshusha mwalimu cheo. Mwalimu akiogopa, ataandika uongo, na utafiti utakuwa umekufa.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Ndugu mwalimu, wakimbizi tumeulizwa sana. Tumeulizwa mpakani, tumeulizwa kambini, tumeulizwa wakati wa kuhesabiwa. Mtoto wa mkimbizi akimwona mtu mzima ameshika kalamu, anaweza kudhani majibu yake yatampunguzia mama yake posho au kuharibu karatasi zao. Kwa hiyo:

- Mweleze mtoto na mzazi wake kwa nini unauliza. Akikataa, mwache, na asiadhibiwe kwa hilo.
- Usiandike majina katika daftari la utafiti. Tumia namba.
- Uliza mambo ya masomo. Usiulize habari za vita, wala nani alikufa, wala makaratasi ya familia. Mtoto akianza mwenyewe kusimulia, msikilize kwa upole, kisha umwone mhudumu wa jamii kwa siri.
- Usiwatenge watoto darasani kuwa "wakimbizi huku, wenyeji huku". Shida ya lugha inampata mtoto wa Gitega kama inavyompata mtoto wa Masisi.
- Usiahidi usichoweza kutoa.
- Rudisha majibu. Aliyeulizwa ana haki ya kujua ulichokipata.

KWA WAZAZI

Mwalimu akikuita kukuuliza mtoto anasoma saa ngapi, au nyumbani mnazungumza lugha gani, usidhani mtoto amefanya kosa. Mjibu ukweli. Na kama shule inataka kumrudisha mtoto darasa la nyuma, nenda uulize kwa heshima: "Mwalimu, mmempima kwa hesabu, au mmempima kwa Kiingereza?"

Kuna watoto leo wamekaa nyuma ya darasa, kimya, na daftari lao limeandikwa sifuri. Yule mwenzangu aliyekwenda kuchunga ng'ombe alikuwa akinishinda hesabu tulipokuwa nyumbani. Hakuna aliyemwandikia ubaoni namba tupu.

Mwalimu anayetaka kuanza, atafute mwenzake mmoja na daftari moja, kisha amwone mhudumu wa jamii wa mtaa wake ili wapange kikao cha kwanza. Ukimaliza, mpe jirani yako karatasi hii.