Kukimbia Kabla Jua la Garissa Halijachoma

Mjini Garissa, anayetaka kukimbia masafa marefu hachagui saa. Saa humchagua yeye. Adhana ya alfajiri husikika mwendo wa saa kumi na moja, jua huchomoza saa kumi na mbili na robo hivi, na ikifika saa mbili lami imeshaanza kutoa joto kwa chini huku jua likipiga kwa juu. Mchana joto hupita nyuzi 35 bila mtu kushangaa. Kwa hiyo mkimbiaji wa Galbet, awe mwalimu, karani wa kaunti au kijana mwenye duka, huswali, hufunga kamba za raba na kutoka kabla giza halijaisha. Ana saa mbili, labda na dakika chache za ziada. Baada ya hapo barabara ni ya lori, tuktuk na mbuzi wanaopelekwa sokoni.

Galbet ni mojawapo ya wadi nne za eneo bunge la Garissa Mjini, pamoja na Waberi, Iftin na Township. Mji wenyewe umekaa ukingoni mwa Mto Tana, mita 150 hivi juu ya usawa wa bahari, kilomita 370 hivi kutoka Nairobi. Wakenya wanapozungumza kuhusu mbio ndefu hutaja Iten, Kaptagat na Eldoret, kule kwenye baridi na mita zaidi ya 2,000. Garissa haitajwi. Hata wenyeji wengi wameshakubali kwamba mbio ni mali ya watu wa milimani, na kwamba kwao ni mpira wa miguu.

Dhana hiyo ina majibu, na jibu zuri kuliko yote lilitolewa barabarani.

Agosti 8, 2021, mjini Sapporo nchini Japani, Eliud Kipchoge alikuwa ametoroka peke yake na kushinda marathoni ya Olimpiki kwa saa 2:08:38. Nyuma yake watu watatu walikuwa wakigombea medali mbili: Abdi Nageeye wa Uholanzi, Bashir Abdi wa Ubelgiji na Mkenya Lawrence Cherono. Katika mita za mwisho Nageeye, badala ya kutazama mstari tu, alikuwa anageuka nyuma na kumpungia Bashir mkono, anamhimiza asilegee. Bashir alikuwa amechoka kabisa. Akajikaza, akampita Cherono. Fedha ikaenda kwa Nageeye kwa 2:09:58, shaba kwa Bashir kwa 2:10:00, na Cherono akabaki wa nne kwa tofauti ya sekunde mbili.

Wote wawili, Nageeye na Bashir, walizaliwa Mogadishu mwaka 1989 na wakaondoka utotoni kwa sababu ya vita. Hawakukulia Iten. Mbio walizianzia Uholanzi na Ubelgiji, nchi tambarare sawa na Garissa, na milimani walipanda baadaye kwa ajili ya mazoezi tu. Nageeye amefanya mengi ya mazoezi yake hapa hapa Kenya. Mwaka 2024 Bashir alitwaa fedha ya Olimpiki jijini Paris nyuma ya Mwethiopia Tamirat Tola, na Novemba mwaka huo huo Nageeye akashinda New York mbele ya Wakenya. Kabla yao alikuwapo Abdi Bile, kijana wa jamii ya wafugaji aliyeipa Somalia ubingwa wa dunia wa mita 1,500 kule Roma mwaka 1987. Yupo pia Abdi Abdirahman, ambaye familia yake ilipitia maisha ya ukimbizi nchini Kenya kabla ya kufika Arizona, na ambaye aliiwakilisha Marekani katika Olimpiki tano.

Watu hao ni Wasomali, na wana lugha, dini na chakula kimoja na mkazi wa Galbet. Walichokuwa nacho ambacho yeye hana ni klabu, kocha na mashindano ya karibu ya kila wikendi ambayo mtu wa kawaida anaweza kuingia kwa ada ndogo. Hapo ndipo suala la mkimbiaji wa kujifurahisha linapokuwa zito. Bingwa hatoki hewani. Hutokea katikati ya mamia ya watu wanaokimbia bila kutarajia zawadi yoyote, na mahali pasipo na mamia hayo bingwa hana pa kuanzia.

Kwa mkazi wa Garissa anayetaka kuvaa namba kifuani, mbio kubwa za barabarani ni safari. Nairobi Marathon, iliyoanza mwaka 2003, huwa na kilomita 42, 21 na 10. Kwa miaka mingi ilianzia uwanja wa Nyayo, na siku hizi hutumia barabara ya Southern Bypass. Lewa Safari Marathon, iliyoanza mwaka 2000, hukimbiwa juu ya vumbi ndani ya hifadhi ya wanyama, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Kufika Nairobi ni saa nyingi ndani ya basi: Mwingi, kisha Thika, na njiani vizuizi vya polisi ambako abiria hushuka na kuonyesha vitambulisho. Miguu iliyopaswa kupumzika hufika imevimba.

Kisha asubuhi ya mbio mwili hukutana na mambo mawili yanayovutana. Nairobi ina baridi, na baridi ni zawadi kwa mtu aliyezoea kukimbia akiloa jasho mpaka kwenye soksi. Lakini Nairobi iko mita 1,500 juu zaidi ya Garissa, na hewa ya huko ina oksijeni pungufu katika kila pumzi. Kilomita za kwanza mtu wa nyanda za chini huhisi amepata miguu mipya. Hakuna joto, hakuna vumbi, na umati unamvuta mbele. Ndiyo maana wengi huanza kwa kasi isiyo yao, na mlima wa kwanza ukifika pumzi huwadai deni. Mwenye busara huikataa raha hiyo ya mwanzo. Hukimbia kilomita tano za kwanza kana kwamba bado yuko Garissa.

Joto nalo lina elimu yake, na elimu hiyo watu wa Kaskazini Mashariki wanayo kuliko wengi. Machi 24, 2007, Mombasa ilikuwa mwenyeji wa mbio za nyika za dunia. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa hajashindwa katika mbio hizo kwa miaka mitano, alijitoa kwenye mzunguko wa mwisho, ameishiwa nguvu kwa joto na unyevu wa pwani. Zersenay Tadese wa Eritrea ndiye aliyeshinda. Mwaka 2019, marathoni ya wanawake ya ubingwa wa dunia mjini Doha ilianzishwa karibu na usiku wa manane ili kukwepa jua, na bado joto lilikuwa nyuzi 32. Waliojipanga mstarini walikuwa 68, wasiomaliza 28. Mkenya Ruth Chepngetich alishinda kwa 2:32:43, muda ambao katika baridi ungekuwa wa mazoezi kwa mwanamke wa kiwango chake.

Sababu ni rahisi kueleza. Misuli inayofanya kazi hutoa joto jingi kuliko nguvu inayosukuma mguu, na joto hilo hutoka mwilini hasa kwa jasho linalokauka juu ya ngozi. Hewa ikiwa na unyevu, kama Mombasa, jasho hudondoka tu bila kukauka. Hewa ya Garissa ni kavu zaidi, kwa hiyo jasho hukauka haraka na kupoza, lakini maji na chumvi hupotea bila mtu kutambua kiasi. Anayekimbia huko hujifunza kuuliza mwili, si saa ya mkononi: kasi iliyowezekana Julai haiwezekani Machi, na kulazimisha ni kujitafutia kitanda cha hospitali. Mwili wenyewe hukubali kufundishwa. Siku kumi hadi kumi na nne za kukimbia kwenye joto, kwa kiasi, huongeza maji ya damu na kuufanya utoe jasho mapema zaidi.

Maji nayo yanaweza kudhuru yakizidi. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza na kukuta asilimia 13 wakiwa na upungufu wa sodiamu, wengi wao wakiwa wale waliokaa barabarani muda mrefu wakinywa kila kituo. Yaani hatari hiyo ni ya mkimbiaji wa kawaida kuliko ya bingwa. Chumvi kidogo na kunywa kwa kadiri ya kiu humsaidia mtu wa saa tano kuliko chupa sita za maji matupu.

Kuhusu chakula, mikahawa ya Garissa ilimtangulia kila kocha. Sahani ya pasta au wali ikiletwa na ndizi mbivu pembeni, kama ilivyo desturi, ndiyo chakula ambacho wakimbiaji wa dunia nzima hutafuta jioni ya kuamkia mbio.

Mwezi wa Ramadhani hubadilisha kila kitu. Wanaoendelea kukimbia husogeza mazoezi hadi dakika za mwisho kabla ya kufuturu, au baada ya tarawehe. Sifan Hassan, Mholanzi aliyezaliwa Ethiopia, alifunga Ramadhani ya mwaka 2023 huku akijiandaa kwa marathoni yake ya kwanza, ile ya London, iliyofanyika Aprili 23, siku chache baada ya mfungo kumalizika. Njiani alisimama kunyoosha nyonga iliyokuwa ikimuuma, akaachwa, akawafikia walio mbele na kushinda kwa 2:18:33. Mwaka uliofuata alipanda jukwaa la dhahabu ya Olimpiki jijini Paris akiwa amevaa hijabu. Kwa msichana wa Garissa anayeambiwa kwamba mbio na stara havikai pamoja, picha hiyo ina kazi ya kufanya.

Hata saa ya alfajiri anayoitegemea mkimbiaji wa Garissa iliwahi kuchukuliwa. Baada ya shambulizi la Aprili 2, 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa, ambapo watu 148 waliuawa, serikali ilitangaza amri ya kutotoka nje katika Garissa, Wajir, Mandera na Tana River kuanzia saa kumi na mbili unusu jioni hadi saa kumi na mbili unusu asubuhi. Mji ulikuwa katika msiba, na hakuna aliyefikiria mbio. Lakini leo, kila anayepita barabara za mji alfajiri kwa miguu yake, bila kuulizwa anakwenda wapi, anatumia haki ambayo mji huu unajua thamani yake.

Wapo wanaodhani mbio za barabarani ni za wenye kasi tu. Margaret Kenyatta, akiwa mke wa Rais na mwenye umri wa miaka 50, alikimbia marathoni ya London Aprili 2014 kwa zaidi ya saa saba, mwezi mmoja baada ya kuongoza nusu marathoni jijini Nairobi. Fedha zilizochangishwa kupitia mbio hizo zilinunua kliniki tamba kwa ajili ya akina mama katika kaunti zote 47, Garissa ikiwamo. Muda wake haukumzuia mtu yeyote kupata kliniki.

Garissa yenyewe ina barabara inayofaa. Kutoka daraja la Tana, kupitia mjini hadi upande wa Modika, ardhi ni tambarare. Kupima njia rasmi hakuhitaji uwanja wala jengo: hufanywa kwa baiskeli yenye kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, na kila kilomita huongezewa mita moja ili njia isije ikaonekana fupi. Kinachobaki ni maji, polisi wa trafiki, ambulensi na ratiba. Na ratiba ipangwe kwa kumtazama wa mwisho, si wa kwanza. Nusu marathoni ikianza saa kumi na mbili kamili, mshindi atakuwa ameketi kivulini saa moja na dakika chache. Anayetumia saa tatu atakuwa bado barabarani saa tatu kasoro jua likiwa kali, na vituo vya maji vya kilomita ya 15 na ya 18 visifungwe kabla hajapita.