Jiko la Umeme Linaanzia Ukutani

Mkaa mwingi unaopikiwa Dar es Salaam hutoka vijiji vya Pwani na Morogoro, na kabla haujagawanywa mitaani sehemu yake hupita Mbezi Luis kwa Barabara ya Morogoro, juu ya malori, pikipiki na hata baiskeli. Biashara hiyo haijafa, ila imepata mshindani. Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na mwaka huohuo mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, mradi wa megawati 2,115, ukaanza kuingiza umeme kwenye gridi. Upande wa afya sababu zinajulikana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, ambayo kwa sehemu kubwa ni moshi wa kupikia, ilichangia vifo milioni 3.2 duniani. Anayehama kutoka kwenye mkaa kwenda kwenye umeme anawaondolea wanawe moshi, majivu na ile gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu. Hapo sina ubishi. Ubishi wangu uko kwingine: tunanunua jiko, tunalifikisha nyumbani, tunalichomeka kwenye soketi iliyokuwa ya redio, na tunaamini kwamba kilichobadilika ni jiko tu. Kumbe imebadilika kazi ya nyaya zilizomo ukutani, na nyaya zenyewe hakuna aliyeziuliza kama zitaiweza.

Hesabu yake ni ya darasani. Umeme wa nyumbani Tanzania ni wa volti 230, na ukigawanya wati za kifaa kwa volti hizo unapata ampea, yaani wingi wa umeme unaopita kwenye waya. Taa ya LED ya wati 9 haifiki hata nusu ya sehemu moja ya kumi ya ampea. Televisheni nyingi hazimalizi ampea moja. Jiko la pleti mbili la wati 2,500 linachota karibu ampea 11 kwa mkupuo, na birika la umeme la wati 2,000 linaongeza karibu 9. Vikiwekwa vyote kwenye ekstensheni moja asubuhi, uji huku na maji ya chai kule, soketi iliyoundwa kwa ampea 13 inabebeshwa 20. Na joto la waya halipandi sawasawa na mzigo. Linapanda kwa mraba wake: mzigo ukiwa mara mbili, joto ni mara nne. Ndiyo maana ekstensheni iliyochaji simu miaka mitatu bila kisa inaweza kulainika plastiki yake ndani ya wiki moja ya kupikia, hasa ikiwa imekunjwa nyuma ya kabati au imefichwa chini ya zulia, mahali joto halina pa kutokea. Lile jiko kubwa la pleti nne lenye oveni halihusiki kabisa na plagi. Linaweza kuvuta wati 7,000 na zaidi, hivyo linataka laini yake lenyewe kutoka kwenye meni swichi, waya mnene wa milimita za mraba sita au zaidi, breka yake na swichi yake ukutani.

Wengi hujibu hapa kwamba breka ipo, na mambo yakizidi itakata. Jibu hilo lina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayounguza nyumba. Breka hupima wingi wa umeme unaopita; haipimi joto la kiungo. Chukua soketi ambayo vibano vyake vimelegea kwa kuchomekwa na kuchomolewa kila siku, au skrubu ya waya ambayo fundi hakuikaza sawasawa. Pale mahali padogo panapogusana hupata ukinzani. Tuseme ni nusu omu tu. Umeme wa ampea 10, ambao ni halali kabisa kwa soketi hiyo, ukipita hapo unazalisha joto la wati 50, sawa na pasi ndogo ya kulehemu ya fundi redio, ndani ya plastiki isiyozidi ukubwa wa kidole gumba. Joto hilo linaipa shaba kutu, kutu inaongeza ukinzani, ukinzani unaongeza joto, na mzunguko huo unaendelea jioni baada ya jioni huku breka ikiona kila kitu kiko shwari. Hata fyuzi iliyomo ndani ya plagi ina uvumilivu kuliko tunavyodhani: ile ya ampea 13 inaweza kubeba 20 kwa muda mrefu bila kukatika. Mlinzi wa kweli wa kiungo kilicholegea ni pua na mkono wa mpishi. Plagi ikiwa ya moto unapoichomoa, ikiwa na doa la kahawia, au jikoni pakinuka kama samaki au plastiki iliyoungua na hakuna kilichoungua sufuriani, soketi hiyo imekwisha. Haihitaji kupigwapigwa, inahitaji kubadilishwa.

Kuna tabia nyingine ambayo imezoeleka mpaka haionekani tena kuwa tabia. Jiko linakuja na plagi ya miguu miwili ya mviringo, soketi zetu ni za matundu matatu bapa, basi mtu anatafuta kijiti au mfuniko wa kalamu, anausukuma kwenye tundu la juu ili vizibo vya chini vifunguke, na plagi inaingia. Lile tundu la juu ndilo njia ya waya wa ardhini. Jiko lenye bodi ya chuma limeundwa likitegemea njia hiyo: koili ikivujisha umeme kwenye bodi, umeme uende ardhini badala ya kumngoja mwenye mwiko. Ukipika kwa kijiti, njia umeifunga mwenyewe. Matokeo yake yanajulikana katika nyumba nyingi: ukigusa sufuria, vidole vinatekenywa. Na tiba ya nyumbani inajulikana pia, vaa ndala unapopika. Ndala zinasaidia, sikatai, mpaka siku sakafu ya saruji imelowa, au mtoto aliyetoka kuoga anapita peku na kushika ukingo wa jiko. Umeme wa miliampea 30 ukipita kifuani kwa muda unatosha kuuvuruga moyo, na hiyo ni chini ya sehemu moja ya mia tatu ya umeme ambao jiko la pleti mbili linatumia likipika. Breka ya ampea 32 haiwezi kuuhisi uvujaji mdogo kiasi hicho.

Hata pale waya wa ardhini upo, swali linabaki kama ardhi yenyewe inapokea. Nyumba zetu hutegemea fimbo ya shaba iliyochimbiwa nje ya ukuta, na mchanga mkavu si mpokeaji mzuri. Chukua fimbo yenye ukinzani wa omu 50 mwishoni mwa kiangazi: umeme wote ukivuja kwenye bodi ya jiko, utakaoshuka ardhini ni ampea nne na nusu hivi, ambazo breka itazichukulia kuwa ni mtu anachemsha maji. Bodi itabaki na umeme. Kifaa kinachofunga pengo hilo mafundi wanakijua kwa herufi RCD. Kinalinganisha umeme unaoingia na unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30 kinakata kufumba na kufumbua. Kama pesa ya matengenezo inatosha kitu kimoja tu, ningeitia hapo kabla ya kununua jiko zuri zaidi. Kina kitufe cha kujaribia. Kibonyezwe mara kwa mara, kisipokata kimekufa. Na jiko lililokaa stoo muda mrefu likikifanya kikate mara ya kwanza, lisilaumiwe haraka: unga wa magnesiamu oksaidi uliomo ndani ya koili za bomba hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo huvujisha umeme. Fundi alipime kabla halijarudishwa kazini. Asiondoe RCD ili jiko liwake.

Msomaji makini atasema kwamba natia chumvi, kwa sababu nchi zenye nyaya nzuri zinapika kwa umeme tangu enzi za mababu. Ni kweli, na takwimu zao zina fundisho lisilotarajiwa. Marekani, kwa mujibu wa chama cha kinga dhidi ya moto NFPA, kama asilimia 60 ya kaya hupikia umeme, lakini majiko ya umeme yanahusika katika asilimia 80 hivi ya mioto ya majiko inayoripotiwa. Sababu inayoongoza ni kuacha chakula jikoni bila mtu. Jiko la mkaa linajitangaza kwa moshi na wekundu, gesi ina ndimi za bluu na mvumo. Pleti ya umeme inaweza kuwa nyeusi na baridi kwa kuangalia huku ikiwa na joto la kuwasha mafuta ya kula, ambayo hushika moto yenyewe yakikaribia nyuzi 350 za Sentigredi. Wamarekani walifikia kudai kwamba koili mpya, tangu 2018, zijizuie kufikia joto hilo. Nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwetu hazina kinga hiyo. Kwa hiyo hata ukuta ukitengenezwa vizuri, usahaulifu unabaki, na kwetu una mshirika ambaye Mmarekani hamjui sana: kukatika kwa umeme. Maharage yako jikoni, umeme unakatika, mpishi anangoja, anachoka, anatoka kwenda dukani au kulala. Kitufe kimebaki namba tatu. Umeme ukirudi saa nne usiku watoto wanashangilia, na pleti inaanza kazi chini ya sufuria ambayo hakuna anayeikumbuka. Mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 umepita, lakini kukatika kwa saa mbili tatu kungalipo. Umeme ukikatika, mkono wa kwanza uende kwenye kitufe, wa pili kwenye plagi, mshumaa utafuata. Mafuta yakishika moto, zima ukutani, funika sufuria kwa mfuniko, usiinyanyue. Maji hayazimi mafuta, yanayarusha. Namba ya Zimamoto ni 114.

Lipo pingamizi zito zaidi: kwamba maneno kama haya yanawarudisha watu kwenye mkaa. Nimelipima, na naona kinyume chake. Kaya iliyopoteza soketi na godoro kwa moto mdogo hairudii jiko la umeme tena, na majirani zake wanapata hadithi ya kutosha miaka kumi. Tena njia ya mzigo mdogo ipo. Jiko la presha la umeme la wati 1,000 linachota ampea nne na kidogo, mzigo ambao soketi nzima iliyokazwa vizuri inaubeba kwa raha. Majaribio ya mapishi yaliyofanywa nchini na shirika la TaTEDO yanaonyesha kwamba vyakula vya kuchemshwa muda mrefu, maharage na makande, vinaiva humo kwa chini ya uniti moja. Kwa mteja wa kundi la T1, yaani la matumizi ya kawaida, uniti ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo, karibu 356 baada yake. Linganisha na kopo la mkaa. Walio kwenye kundi la nafuu, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, wafanye hesabu yao kwa makini kidogo. Na jiko la presha linajizima lenyewe kazi ikiisha, jambo ambalo pleti ya koili haijui.

Utunzaji wa jiko lenyewe hauna siri kubwa. Maziwa na uji uliomwagika ufutwe plagi ikiwa imechomolewa na pleti imepoa, si kwa kumwagia maji. Mende hupenda joto la ndani ya jiko, na mizoga yao ni sababu ya shoti ambayo fundi hukuta mara nyingi kuliko anavyosema. Sufuria iliyopinda kitako kwa miaka ya mafiga iache. Inagusa pleti kwa ncha tu na joto lingine linapotea hewani. Kwenye jiko la induksheni sufuria ya alumini haitapata moto kabisa, hivyo jaribu kwa sumaku kabla ya kununua: isiponasa, haifai. Na yale mabaki ya joto yanayobaki pleti ikizimwa ni mali. Wali uliokaushwa maji unaiva juu yake taratibu kama uliopaliwa makaa.

Ugumu halisi wa mitaa ya pembezoni mwa Dar es Salaam kama Mbezi Luis, Makabe au Msakuzi uko kwenye umiliki wa ukuta. Nyumba nyingi za pembezoni hujengwa kidogo kidogo. Mkandarasi mwenye leseni ya EWURA anasaini kazi ya vyumba vitatu ili TANESCO waunganishe. Baada ya hapo linaongezwa banda la uani, kisha fremu mbili mbele, kila moja ikivuta umeme kutoka soketi ya jirani yake, na hakuna anayerudi kukagua. Wanaoishi humo ni wapangaji wanaochangia mita moja ya Luku, na wenye nyumba wengi hukataza jiko la umeme kwa kuogopa ugomvi wa uniti. Katazo hilo haliondoi jiko. Linalihamishia chumbani, mlango ukiwa umefungwa, kwenye ekstensheni iliyopita chini ya kitanda. Mwenye nyumba anayetaka kulinda mali yake angefanya jambo la maana zaidi kwa kumwita fundi mwenye leseni avute laini moja ya waya mnene hadi jiko la pamoja, aweke RCD kwenye meni swichi, na kila mpangaji awe na mita yake ndogo ya kuhesabia. Gharama ni ya mara moja, na anaweza kuigawa kwenye kodi ya mwaka. Mpangaji asiyeweza kungoja hayo achague jiko la presha, alichomeke moja kwa moja ukutani kwa plagi ya miguu mitatu, na jioni ya kwanza aishike plagi hiyo kila baada ya dakika kumi.