Mgonjwa si majeraha tu: tiba ya mazungumzo na nguvu za aliyenusurika

Mei 2015, Kagunga, kijiji cha wavuvi kwenye mpaka wa Tanzania na Burundi, kilifurika maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi, na kipindupindu kikazuka. Meli ya MV Liemba ikawa inawasomba hadi Kigoma mjini, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo.

Mtu aliyepita njia hiyo akifika kwa mshauri nasaha, ataulizwa amempoteza nani, anaota nini, hajala vizuri tangu lini. Ni maswali ya lazima. Lakini yakiishia hapo, mama aliyevuka mpaka na mtoto mgongoni, akahangaika kumtafutia maji safi, anaondoka faili lake likiwa na dalili tupu. Nusu ya habari zake haikuandikwa.

Wanasaikolojia Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, waliunda tiba ya kusimulia maisha, ikajaribiwa kwa wakimbizi nchini Uganda. Kamba hutandazwa sakafuni. Ncha moja ni kuzaliwa. Nyingine huachwa imeviringwa, kwani maisha bado yanaendelea. Penye tukio baya mgonjwa huweka jiwe, penye jema huweka ua. Kwa mtu wa Ujiji ua laweza kuwa bibi aliyemlea, au usiku wa kwanza aliporudi kutoka ziwani na migebuka yake mwenyewe.

Maua hayo si mapambo. Kumbukumbu ya kitisho hukaa akilini bila tarehe wala mahali, ndiyo maana kishindo cha mlango huufanya mwili utetemeke kana kwamba vita ni leo. Mgonjwa akilisimulia tukio kwa mpangilio, pamoja na alichofanya mwenyewe, kwamba alikimbia, kwamba alimficha mdogo wake, polepole tukio hurudi kwenye wakati wake uliopita.

Nyarugusu kwenyewe, watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Muhimbili waliendesha mradi uitwao Nguvu kwa wanawake wa Kikongo zaidi ya 300 waliofanyiwa ukatili na wenza wao. Vikao 8 vya kikundi viliongozwa na wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo. Wazo kama "napigwa kwa sababu mimi ni mke mbaya" huletwa mbele, likapimwa: ushahidi uko wapi? Lilikuwa jaribio la awali, na lilionyesha kuwa kazi hii inawezekana kambini. Tiba ya aina hiyo mashariki mwa Kongo, kwa wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono, ilitoa matokeo mazito mwaka 2013: miezi sita baada ya tiba, asilimia 9 ya walioipata walikuwa na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa, dhidi ya asilimia 42 ya waliopata msaada wa mtu mmoja mmoja.

Hapa nasisitiza jambo moja. "Jikaze, wewe ni jasiri" si tiba. Humfunga mtu mdomo kabla hajalia. Wala uvumilivu wa kubaki kwenye nyumba ya kipigo haufai kusifiwa. Cha kutambuliwa ni kwamba alimweleza jirani, alificha nauli, alifika kliniki.

Wahudumu wa afya wa Kigoma, andikeni hayo kwenye faili. Nawe msomaji, ukikosa usingizi na furaha wiki mbili mfululizo, nenda kituo cha afya kilicho karibu, ueleze yanayokuumiza na kilichokushikilia hadi leo.