Sura ya 6: Insha Imekwamia Wapi?

Mwalimu akitoa insha ya "Sikukuu Nyumbani Kwetu", na baada ya nusu saa daftari la mwanafunzi mwenye usonji lina mstari mmoja tu, wengi huamua kuwa mtoto hana la kusema. Hebu muulize kuhusu mabasi ya mtaani kwao: atakutajia rangi, njia na namba za kila moja. Ya kusema anayo. Kabla ya kumnunulia chombo chochote, tafuta yanapokwamia.

Wapo wanaokwama vidoleni. Kushika kalamu, kuikandamiza kwa kiasi, kuziweka herufi mstarini: nguvu zinaisha kabla ya nukta. Hao kibodi huwafaa. Kuna pia kuandika kwa sauti, na Google iliingiza Kiswahili katika huduma hiyo mwaka 2017. Ila simu huandika kila inachosikia, hata "mwalimu, nimekosea?", na mtoto asiyestahimili kosa anaweza kuangua kilio kwa neno moja lililoandikwa ndivyo sivyo.

Programu za kukisia maneno husifiwa mno, nami nadhani kwetu zinapewa sifa zisizo zao. Hukisia kwa herufi za mwanzo, na kitenzi cha Kiswahili hujificha nyuma ya viambishi. Mtoto akiandika "wali", huenda anaelekea "walicheza", "walikula", au sahani ya wali. Orodha inarefuka, naye anapotelea humo. Afadhali mwalimu aandae maneno machache ya mada ile, yenye picha.

Wengine wana vidole vyepesi, lakini kupanga habari kunawashinda, au hawakumbuki kwamba msomaji hakuwepo kwenye tukio. Hapo kibodi pekee haifui dafu. Mwanafunzi apange picha za tukio kwenye kishikwambi, aandike sentensi chini ya kila moja, kisha programu imsomee. Akisikia "alimpa zawadi" pasipo kujua nani alimpa nani, mara nyingine hugutuka mwenyewe na kurudi kurekebisha.

Na mkono wa msaidizi je? Mapema miaka ya 1990, Marekani ilishabikia njia ya kumshika mwanafunzi mkono anapobonyeza herufi. Katika jaribio lililochapishwa 1993, kwenye kituo cha O.D. Heck jimboni New York, mwanafunzi na msaidizi walionyeshwa picha tofauti bila kujua. Majibu sahihi yalitaja picha alizoziona msaidizi. Kwa hiyo mwelekeze mwanafunzi kufungua programu, kisha uondoe mkono wako kabla hajaanza kuandika.