Ukianza kujifunza kuedit picha, anza na rangi. Mbwembwe baadaye

Wapambanaji wenzangu, wengi mnaniuliza inbox nimesomea wapi kuedit picha za vitenge. Mimi nimeishia fomu foo. Haya mengine ni YouTube, usiku, video nimeishusha hadi 360p ili isinimalizie bando.

Shida ni kwamba kozi nyingi zinakimbilia mbwembwe. Jina linawaka moto, mtu anamomonyoka kama vumbi. Tamu kuangalia! Lakini mimi niko Dar, mteja yuko Mbeya, na analipa kabla hajashika kitambaa. Akiagiza damu ya mzee kikamfikia cha kahawia, anakirudisha. Gharama ya kusafirisha kwenda na kurudi inameza faida yote. Na hata akikubali kubaki nacho, kwako harudi.

Kwa hiyo kwenye kozi yoyote tafuta kwanza somo la White Balance, yaani kufanya nyeupe ionekane nyeupe. Taa nyingi za ndani zina unjano, kivuli cha nje kina ubluu, na simu inabahatisha tu.

Mimi nafanya hivi. Nazima taa, napiga picha karibu na dirisha, na pembeni ya mzigo naweka karatasi nyeupe. Naifungua kwenye Snapseed (ni bure, na haibandiki nembo yake kwenye picha), naingia White Balance, nachagua alama ya kidondoshea na kuipeleka juu ya karatasi. Rangi za picha nzima zinajirekebisha. Kisha naikata karatasi kwa Crop. Mwisho nashika kitambaa chenyewe, nalinganisha na kioo cha simu. Kama umewasha ile hali ya kulinda macho usiku, izime kwanza, inatia unjano.

Kuna Healing pia, inafuta madoa. Doa la ukutani nafuta. Doa la kwenye nguo siligusi, nalipiga picha kwa karibu mteja alione.

Bei na maandishi naweka kwa Canva ya bure: 1080 kwa 1080 ya kuposti, 1080 kwa 1920 ya status.

Kozi ya kulipia? Kabla hujatuma hela, angalia mwalimu anafundishia kifaa gani. Una simu tu, yeye yuko kwenye kompyuta, atakuacha njiani.

Wiki ijayo viatu vyeusi. Hivyo vina tabu yake, simu inavigeuza kijivu.