Vumbi la Gisozi na chupa tatu za puani

Ukivuka Kinamba na kuanza kupanda Gisozi, utalisikia soko la samani la Agakiriro kabla hujaliona: misumeno, mashine za randa, nyundo. Hapa ndipo wakazi wengi wa Kigali hununua vitanda, makabati na milango. Mbao za mikaratusi, za paini na libuyu ya Kongo hupasuliwa, hupigwa randa, kisha msasa. Maranda huanguka chini, lakini unga wa msasa huelea. Hutua kwenye nyusi za fundi, kwenye kola yake, hata kwenye chai iliyoachwa wazi. Jioni hurudi naye nyumbani, na mtoto anayekimbia kumlaki huuvuta vilevile.

Agakiriro likiingia kwenye habari, aghalabu ni kwa sababu ya moto, maana limeungua zaidi ya mara moja. Vumbi lake halitangazwi, ingawa mwaka 1995 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililiweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, ikiwemo ya tundu la pua. Mafundi wengi hawafikii huko. Wao huishia kupiga chafya mfululizo, kutokwa na kamasi jepesi kama maji, na kuwashwa pua na macho, bila homa. Kiangazi kikianza mwezi Juni na vumbi jekundu la barabarani likaongezeka, hali huwa mbaya zaidi. Mara nyingi huu huwa ni mzio. Mitaani watauita sinezite (sinusitis), na mgonjwa ataondoka famasi na antibayotiki zisizomfaa kitu. Mtoto mwenye mzio utamtambua haraka: husugua pua kwa kiganja kuelekea juu, na usiku hulala mdomo wazi.

Dawa za kupuliza puani zipo, ila chupa zake hufanana ilhali kazi zake ni tofauti kabisa. Ya kwanza huzibua pua papo hapo. Ndani yake mna xylometazoline au oxymetazoline. Huyo ni rafiki wa siku chache. Ukizidisha siku tano, pua huanza kuziba kwa sababu ya dawa yenyewe, nawe unaongeza dozi. Ya pili ni ya steroidi, kama fluticasone. Ina nguvu kuliko zote dhidi ya mzio unaodumu, lakini yataka uitumie kila siku, na nafuu kamili huenda ikachukua wiki moja au mbili.

Ya tatu ndiyo ya antihistamini: azelastine au olopatadine. Huzuia histamini, kemikali ya mwili inayoleta chafya na muwasho, na azelastine huanza kazi ndani ya nusu saa au chini ya hapo. Kwa fundi nina sababu ya ziada ya kuipendelea. Wengi humeza vidonge vya zamani vya chlorpheniramine, kisha husimama mbele ya msumeno wa umeme huku macho yakielemewa na usingizi. Hiyo ni hatari kuliko chafya. Dawa ya kupuliza nayo huweza kusinzisha baadhi ya watu, basi ijaribu kwanza siku usiyoshika mashine.

Kasoro yake kubwa ni uchungu unaoteremka kooni, na watoto huikataa kwa hilo. Upulizaji mbaya huuzidisha uchungu huo. Mtoto apenge kamasi, ainamishe kichwa mbele kidogo, asikiinue juu. Elekeza ncha upande wa sikio, si kwenye ukuta wa kati wa pua, maana hapo ndipo damu hutokea. Kisha avute hewa taratibu, asinuse kwa nguvu. Umri hutegemea aina ya dawa: azelastine iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2021 kuuzwa bila cheti cha daktari ni ya kuanzia miaka 6. Aliye chini ya hapo aonwe kwanza na daktari. Mtoto anayetoa sauti ya mluzi kifuani au kubanwa pumzi apelekwe kituo cha afya, kwa sababu dawa ya pua haitibu pumu.

Nayo chupa haifuti vumbi. Fundi avae barakoa inayoziba vizuri, avue nguo za kazi na kuoga kabla ya kumbeba mtoto. Na ukifika famasi, usiseme tu "nipe dawa ya pua". Mwambie mfamasia una mzio, muulize chupa ina dawa gani na ya siku ngapi, kabla hujatoa pesa.