Wakili Kwanza, Pesa Baadaye
Nchini Kenya, hati ya kuhamisha ardhi huandaliwa na wakili mwenye leseni ya mwaka huo. Broka haruhusiwi kisheria kuiandika kwa malipo, hata awe mcheshi namna gani. Jina la wakili hukaguliwa kwenye orodha ya Chama cha Mawakili. Kazi yake ya kwanza ni upekuzi katika rajisi ya ardhi, unaoonyesha mmiliki, ukubwa wa kiwanja, na kama benki imekishikilia kwa mkopo. Karatasi ya upekuzi haimwonyeshi jirani aliyesogeza ua, kwa hiyo mpima ardhi naye huenda kuzitafuta bikoni za mpaka vichakani. Kumtumia wakili wa muuzaji ni nafuu, lakini si busara. Ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na 2 mashambani, hulipwa na mnunuzi.